Kabla ya Kushuka Mwingi

Mabasi yanayotoka Nairobi kwenda Garissa husimama Mwingi ili abiria wale, waswali na wanyooshe miguu. Ndiyo maana Wakenya wengi wanaujua mji huu kwa sahani moja ya nyama ya mbuzi, chupa ya maji na honi ya dereva anayewahimiza warudi ndani. Wanaoshusha mizigo wakabaki ni wachache: mwalimu aliyehamishwa, fundi wa visima, kijana wa Nairobi anayekwenda kwa wakwe, mtalii mmoja mmoja anayeelekea Kora kuliona kaburi la George Adamson, mzee wa simba aliyeuawa huko Agosti 1989. Makala haya ni yao.

Anayekwenda Bangkok au Jakarta hupata vitabu tele vya kumwongoza: avue viatu wapi, asiguse kichwa cha nani, nauli ya haki ni kiasi gani. Mgeni wa Mwingi huachwa ajifunzie njiani, na taratibu zinazomngoja si chache. Wala hazikutungwa na watu waliokaa nyumbani tu wakisubiri kubishiwa hodi. Wakamba, wenyeji wa Mwingi, walikuwa wasafiri wenyewe. Katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka kutoka Kitui hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na waya wa shaba. Hadi leo mtoto aliyezaliwa safarini huweza kuitwa Kyalo au Mwanzia. Watu waliowahi kulala na njaa ugenini hujua mgeni anahitaji nini. Hujua vilevile kumtambua mgeni msumbufu, na kwa hilo hawana subira sana.

Kivoi Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, alimpokea mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, na ni katika ziara hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya kwa macho yake. Aliporudi mwaka 1851 walifunga safari pamoja kuelekea mto Tana. Wakavamiwa, Kivoi akauawa, na Krapf akajikuta peke yake nyikani. Alichota maji ya mto kwa mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwa mitutu ya bunduki, akaziba midomo ya mitutu kwa nyasi. Akipita vichakani nyasi zikang'oka na maji yakamwagika. Alipofika kwa watu, jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mwenyeji wake. Mambo mawili makubwa ambayo mgeni wa Mwingi anapaswa kuyajua yamo katika kisa hicho: maji, na deni la mgeni kwa aliyempokea.

Njia ya kawaida inatoka Nairobi kupitia Thika, Kilimambogo, Kithimani na Matuu, kisha Kanyonyoo, hadi Mwingi. Ni safari ya zaidi ya kilomita 150, nayo ni afadhali ianze alfajiri, kwa sababu ukishapita Matuu jua la saa sita mchana ndani ya matatu lina hesabu yake. Matuu ndipo mahali pa kununua matunda. Mji huo unapata maji ya mfereji wa Yatta, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau, na ndiyo maana mapapai na maembe yamejaa kandokando ya barabara katikati ya nchi kavu. Anayekwenda nyumbani kwa mtu Mwingi na atumie nafasi hiyo, kwa kuwa matunda mabichi ni zawadi ambayo huko mbele haipatikani kirahisi.

Anayetoka Mombasa ana njia nyingine, na labda ni nzuri zaidi. Barabara ya lami kutoka Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, inapanda kupitia Mutomo na Kitui, ikapita Migwani hadi Mwingi. Kabla hajaishika, akiweza kusogea mbele kidogo hadi Makindu, ataliona hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na watu ambao wengi wao walikuja kwa ajili ya reli. Hapo kila msafiri hupewa chakula bure, na anayehitaji malazi hupewa, bila kuulizwa dini wala kabila. Masharti ni yaleyale ambayo angeyakuta kwenye hekalu la Amritsar, India: viatu vivuliwe, kichwa kifunikwe, sigara na pombe vibaki nje, na nyama isitajwe. Chakula usichoweza kukimaliza usikichukue. Madereva wa malori wa Mombasa Road wanalijua jambo hili kuliko waandishi wa vitabu vya utalii. Kwa mgeni wa Ukambani, Makindu ni darasa zuri la kwanza, kwa sababu sharti hilo la mwisho atalikuta tena Mwingi, kwenye nyumba ya matofali yenye paa la mabati, bila mtu kulitamka.

Kuhusu majira, mvua ya kutegemewa Ukambani ya mashariki ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi hadi Mei mara nyingi huja kwa kusitasita. Desemba basi ndiyo nchi inapokuwa kijani, ndipo watu wa Nairobi na Mombasa wanaporudi nyumbani, ndipo harusi zinapofuatana kila Jumamosi. Ndipo pia mito inapoua. Mito mingi ya Mwingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mgeni anayeuona mto mkavu asubuhi huona ajabu kuambiwa jioni kwamba haupitiki. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na wageni wa harusi iliyokuwa Nuu lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefurika. Maji yalilisukuma pembeni likazama mbele ya watu waliosimama ukingoni, na zaidi ya watu 30 wakafa. Tangu siku hiyo, mtu wa Mwingi akisema "tungoje maji yapungue," hakuna anayemcheka. Mgeni mwenye gari kubwa lenye nguvu za magurudumu manne na angoje pia. Harusi itakuwapo; Ukambani hakuna harusi iliyoanza saa iliyoandikwa kwenye kadi.

Mchanga uleule ndio ghala la maji. Kiangazi kikikaza, watu hufukua mashimo kwenye vitanda vya mito kama Tyaa, wakachota kwa kibuyu au kopo maji yanayojikusanya taratibu chini, wakajaza mitungi ya plastiki ya lita 20 na kuwapakia punda. Ndiyo sababu wanakijiji huyatazama kwa jicho baya malori yanayozoa mchanga kwenda kujenga magorofa Nairobi, na ndiyo sababu Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Katika Kaunti ya Kitui, ambamo Mwingi imo, shirika la SASOL limesaidia vijiji kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga tangu miaka ya 1990: ukuta wa mawe na saruji unakatiza mto, mchanga unajazana nyuma yake, na maji yanabaki ndani ya mchanga jua lisikoyafikia.

Kazi ya kubeba mawe hufanywa na mwethya, chama cha majirani wanaolimiana, wanaojengeana na kuchimbiana matuta kwa zamu. Mgeni akiwakuta kazini, asipige picha kwanza. Abebe jiwe moja au mawili, hata kama viatu vyake si vya kazi hiyo. Watamcheka, naam, lakini watamkumbuka kwa jina, na picha atazipata baadaye nyingi kuliko alizotaka.

Nyumbani, maji ya kuoga huja kwenye karai, nayo hutosha. Si adabu kuomba la pili. Yakibaki, yaachwe; kuna mche wa mwembe au mpapai nyuma ya nyumba unaoyangoja. Visima vingi vya kuchimbwa katika sehemu hizi vina maji ya chumvi, hivyo maji ya kunywa mgeni ayanunue mjini na aje nayo, lakini akikaribishwa kikombe cha maji baridi ya mtungi asikirudishe kwa kusema anayo yake. Achukue, aguse mdomo, ashukuru. Neno la shukrani ni "muvea", na halichoki kutumika.

Salamu ndiyo sehemu ambayo wageni kutoka mijini hukosea zaidi, si kwa kukosa maneno bali kwa haraka. "Wi museo?" huulizwa kwa kumtazama mtu na kumpa mkono, na hujibiwa "Ni museo." Baada ya hapo huja habari za nyumbani, za mvua, za mifugo, za watoto walioko shule. Mvua haiulizwi kwa kujaza maneno; ni habari ya uchumi, kama bei ya dola inavyoulizwa mjini. Mwanamke aliye rika la mama huitwa "mwaitu", bibi kizee "susu", na mwanamume mtu mzima anatosha kuitwa mzee. Hata sokoni, bei haiulizwi kabla ya salamu. Anayeanza na "hii ni ngapi?" atatajiwa bei ya Nairobi, na amestahili.

Sokoni penyewe, nafaka hupimwa kwa gorogoro: ndengu, mbaazi, kunde, mtama. Ndengu ndilo zao la fedha la Mwingi, na bei yake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua na wanunuzi wa kutoka nje. Upande wa mbuzi, mgeni asiyejua mifugo asijifanye anajua. Madalali wamemwona tangu aliposhuka kwenye pikipiki. Amtafute mwenyeji wake aende naye, amwache aubonyeze mgongo wa mnyama na kuvutana maneno, na yeye akae mbali kidogo na kuonekana kama mtu asiye na pesa. Wiki ya kabla ya Krismasi hata ujanja huo haufui dafu.

Chakula cha heshima ni muthokoi. Mahindi hulowanishwa na kutwangwa hadi ganda litoke, yakapepetwa na kukaushwa, kisha yakapikwa na maharage, kunde au mbaazi kwa muda mrefu sana. Mgeni anayepiga simu saa tano kusema atafika saa saba amempa mwenyeji wake mtihani. Atoe taarifa jana yake, au angalau alfajiri. Akifika akiwa ameshiba, bado ale kidogo. Kukataa chakula kabisa ni kusema kwamba nyumba hii haifai kulia. Na alichopakuliwa akimalize. Ukambani njaa zina majina kama watu. Ile ya mwaka 1961 huitwa ya ndeke, kwa kuwa msaada uliangushwa na ndege. Ile ya 1984 wazee huiita "nikw'a ngwete", nakufa nimeshika: pesa mkononi zilikuwapo, chakula cha kununua hakikuwapo. Susu anayekuangalia ukisukuma punje pembeni mwa sahani anaikumbuka vizuri.

Hakuna anayeenda mikono mitupu. Sukari, majani ya chai, mkate, unga, mafuta ya kupikia: hivyo ndivyo vinavyopokewa bila maelezo, na hupewa mama wa nyumba, si mume. Nguo kuukuu za kutoka Nairobi zisiletwe ila zimeombwa. Vinywaji navyo vina utaratibu. Kaluvu, pombe ya jadi ya miwa au asali inayochachushwa kwa matunda makavu ya mwegea, ni ya wazee na ya shughuli zao. Kijana haiombi, na mgeni huonjeshwa akialikwa.

Shughuli ambayo mgeni wa mjini ana uwezekano mkubwa wa kualikwa ni ntheo. Upande wa mwanamume hupeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana, na kwa Wakamba hilo ndilo linaloifunga ndoa. Mahari mengine yanaweza kuendelea kulipwa kwa miaka, lakini bila ntheo wazee watasema hapakuwa na ndoa, na mahakama za Kenya zinapoamua kesi za urithi au za nani amzike nani, huuliza swali hilohilo. Anayesindikiza bwana harusi asichukulie safari hiyo kama matembezi ya kula nyama. Kuna watakaoongea, nao wameteuliwa. Wengine wote kazi yao ni kukaa, kuitikia na kutojibu utani wa upande wa pili mpaka msemaji wao ajibu.

Kwa kijana anayekwenda kwa wakwe kuna jambo la ziada, nthoni, ile heshima ya kukaa mbali baina ya mkwe wa kiume na mama mkwe. Gerhard Lindblom, Msweden aliyeishi Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20 na kuandika kitabu kikubwa juu ya Wakamba, alieleza jinsi wawili hao walivyokuwa wakiachiana njia wakikutana. Leo wanapanda matatu moja na kupigiana simu. Hata hivyo utani, kukumbatiana na kumkodolea macho mama mkwe bado si jambo la kufanya, na mkwe mwenye busara huchagua kiti cha mbali bila kuelekezwa. Wanaotoka jamii ambako mama mkwe hukumbatiwa mlangoni ndio huaibika zaidi.

Jumapili mgeni atapelekwa kanisani, aombe asiombe. Misheni iliyozaa kanisa la Africa Inland Church (AIC) ilianza huku Ukambani, pale Nzaui katika Makueni ya leo, mwaka 1895 chini ya Peter Cameron Scott, aliyefariki mwaka uliofuata. Kanisa hilo limeenea mpaka ndani kabisa vijijini. Wakati wa matangazo wageni husimamishwa wajitambulishe. Inatosha kusema "Bwana asifiwe", jina, unakotoka, na nyumba uliyofikia. Hili la mwisho lisisahaulike, kwa sababu linampa mwenyeji wako heshima mbele ya majirani. Hotuba zisizidi hapo. Awe na noti ndogo mfukoni, kwa maana mchango wa paa au wa karo hauko mbali.

Imani za zamani zipo bega kwa bega na hizo. Kuna vichaka vya miti mikubwa, mathembo, ambako wazee walikwenda, na baadhi yao bado huenda, kuomba mvua. Humo hamkatwi kuni wala haingii mtu kujisaidia, na mtembezi aulize kabla ya kukimbilia kivuli kizuri anachokiona mlimani. Ngoma ya kilumi, inayochezwa hasa na wanawake wazee kwa mdundo wa ngoma ndefu, ilikuwa ya kuita mizimu kabla ya kuwa burudani ya sherehe za kitaifa. Simu ya kupiga picha itolewe kwa idhini. Na mizaha ya uchawi wa Kitui, ambayo watu wa Nairobi huipenda sana, iachwe Thika. Haichekeshi pale ambapo kiapo cha kithitu kimewahi kutenganisha ndugu kwa ajili ya kipande cha shamba.

Mizinga ya nyuki itaonekana imening'inia kwenye migunga na mibuyu, magogo yaliyotobolewa ndani, mingi ikiwa mbali na nyumba yoyote. Isidhaniwe haina wenyewe. Zamani kila ukoo ulikuwa na alama yake iliyochorwa kwenye mzinga, na mwizi wa asali alihesabiwa pamoja na wezi wakubwa. Asali ya Mwingi imepata jina hata nje ya nchi, hasa baada ya taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe kuwasaidia wafugaji kuikusanya, kuichuja na kuiuza pamoja, sambamba na mradi wa hariri ya nondo mwitu wa migungani. Anayetaka asali ainunue kwa vikundi hivyo au kwa mtu anayejulikana na mwenyeji wake. Ile ya chupa za soda barabarani ni bahati nasibu.

Machache ya afya. Malaria huja na mvua, hivyo chandarua kinahitajika. Nyoka wapo, hasa bafe anayelala njiani usiku bila kujali anayepita. Tochi na viatu vilivyofunika mguu ni bora kuliko ushujaa. Na kuna kichuguu. Kinaonekana kiti kizuri cha kupunga upepo jioni, na wanaume wa Kitui walikuwa wakizungumzia karibu nacho, lakini watafiti waliochunguza mlipuko wa kala-azar wa miaka ya 1950 waligundua kwamba usubi wanaoeneza ugonjwa huo hujificha ndani ya vichuguu hivyo na kutoka giza likiingia. Kigoda kiletwe kutoka ndani.

Anayetaka kufika Kyuso, Tseikuru, Ngomeni au Ukasi aulize kwanza hali ya usalama, kwa sababu kwenye mipaka ya mashariki wakulima na wafugaji wa ngamia hugombania malisho na maji wakati wa ukame. Waulizwe machifu na madereva wa njia hiyo. Magazeti ya Nairobi hufikiwa na habari hizo zikiwa zimeshapoa. Pesa taslimu zibebwe kutoka mjini, maana mtandao wa simu hupotea vilimani na M-Pesa hupotea nao.

Kuondoka kuna kazi yake. Mgeni haagi asubuhi akaondoka asubuhi. Huaga jioni ya kuamkia, ili mwenyeji apate usiku wa kutafuta cha kumfungia. Kitakuja: ndengu ndani ya kiondo, asali, pengine jogoo aliyefungwa miguu. Kukataa kwa kisingizio cha mzigo hakukubaliki, na utingo wa matatu ameshazoea kuku. Kiondo kikisemwa ni cha kurudishwa, kisirudi kitupu. Watamsindikiza hadi stendi na kusimama hapo mpaka gari liondoke, hata likikaa saa nzima likingoja abiria, na mazungumzo yatarudi kwenye mvua. Siku za kwanza za Januari, wanafunzi na wafanyakazi wanaporudi wote kwa pamoja, nauli hupanda na viti huisha mapema, basi tiketi ikatwe siku kadhaa kabla.

Akifika Nairobi apige simu aseme amefika. Apige usiku huohuo, kwa sababu kufikia kesho mwenyeji atakuwa ameanza kuwauliza majirani wenye watoto Nairobi kama wamesikia habari za ajali yoyote kwenye barabara ya Thika.